Kalamu na Bunduki Kwihara

Msafiri atokaye Tabora mjini akaelekea Kwihara, mwendo usiotimiza saa mbili kwa miguu, hufika kwenye tembe la udongo lililotengenezwa upya, ambalo wageni hulizuru kwa ajili ya Livingstone aliyekaa hapo mwaka 1872. Mimi kila nilikumbukapo humfikiri kwanza mtu aliyekaa huko kabla yake, Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, ambaye mwaka 1871 alitoboa matundu ya bunduki katika kuta za nyumba aliyoandikia habari zake.

Aliwasili Unyanyembe, nchi yenye Tabora na Kwihara, mwezi wa Juni, ametumwa kumtafuta Livingstone, na masheikh wa Kiarabu wakampokea kwa ukarimu wa kipwani: wali, kuku wa mchuzi, mikate ya ngano, mapapai, makomamanga na ndimu, na nyuma yake wakaja watu wakiswaga ng'ombe, kondoo na mbuzi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu walimpa vita.

Maana wakati huo Mirambo, mtemi wa Uyowa, alikuwa ameifunga njia ya kwenda Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika: msafara mmoja aliutoza baruti, bunduki na mitumba ya nguo, kisha akaurudisha ulikotoka. Hongo, yaani ushuru wa kupita, ilikuwa ada ya njia nzima toka Ugogo hadi ziwani. Asili ya ugomvi ilikuwa ni nani atakayeimiliki njia ya pembe za ndovu, Waarabu pamoja na Mkasiwa, mtemi waliyemtawaza wao Unyanyembe, au Mirambo, asiyeridhika mali ipite kando ya milki yake naye akitazama tu.

Shauri la vita lilipokaa Tabora, mwandishi alikuwa miongoni mwa walioketi, kisha akatoka na askari wake wakiitanguliza bendera ya Marekani, katika jeshi ambalo kwa hesabu yake mwenyewe lilipita watu elfu mbili. Zimbizo, kijiji cha Mirambo, ikatwaliwa mwanzoni mwa Agosti. Saud bin Said, mmoja wa Waarabu hao, akasonga hadi Wilyankuru, akateka pembe na watumwa, na alipokuwa akirudi na nyara zake Mirambo akamvizia katika nyasi ndefu akamwua. Jeshi likatawanyika, na Stanley, taabani kwa homa, akakimbilia Kwihara. Tarehe 22 Agosti Mirambo akaingia Tabora yenyewe, na Khamis bin Abdallah, Mwarabu mwingine, aliyetoka kumkabili na watu wachache, akauawa.

Khabari za mambo hayo zilichukuliwa na matarishi hadi pwani, zikavuka Unguja, zikapakiwa merikebuni, kwani waya wa simu haukufika Unguja hata mwaka 1879. Na msomaji wa New York, aliyezipata zikiwa zimekwisha kuwa kongwe, hakuwa na njia ya kuusikia upande wa pili. Alichosoma ni kwamba Mirambo ni mnyang'anyi, kauli ya mtu aliyekuwa adui yake vitani. Lakini Aprili 1876 Stanley alikutana naye uso kwa uso huko Serombo, wakachanjana damu wakawa ndugu, na kalamu ileile ikamsifu kuwa muungwana, mpole wa maneno. Katika miaka mitano hiyo Mirambo hakuacha kupigana, akiwatumia rugaruga, askari wake. Mwandishi ndiye aliyehama mkeka.

Kalamu hiyo ilisimulia mapigano ya mtaa mmoja. Nyingine zikaleta dola. Mwaka 1888, Bushiri bin Salim alipoinuka pwani kuipinga kampuni ya Wadachi, yaani Wajerumani, magazeti na mikutano huko Ujerumani ikaieneza habari kwamba ni fitina ya wauza watumwa, ilhali watu wa pwani walikuwa wakilalamikia bendera, kodi na jeuri ya maofisa. Januari 1889 bunge la Berlin likatoa mark milioni mbili, Wissmann, afisa wa Kijerumani, akapewa jeshi, na vita ikapanda kwa njia ileile ya misafara, hata Januari 1893 Isike, mtemi wa Unyanyembe, akailipua baruti ndani ya ngome yake badala ya kutekwa.

Wengine hupima ukweli wa khabari ya vita kwa ufasaha wa lugha yake, au kwa umbali ilikotoka. Mimi niliyejifunza kwa Kwihara huuliza kwanza mwandishi alilala kwa nani, na wali alioula ulipikwa katika jiko la nani.