Mgodi ukifungwa, maji hayafungwi

1/ Kila msimu wa kampeni ahadi ni ileile: "Tutafungua migodi, vijana wapate kazi!" Sawa. Lakini sijawahi kusikia mtu akiuliza pale jukwaani: siku mgodi utakapofungwa, nani atabaki na maji yake? Wacha niwarudishe nyuma kidogo. Uzi huu ni wa historia, si wa chama.

2/ Mimi ni wa Kakamega. Kukhu, yaani nyanya yangu, alikuwa na amri moja hatukuthubutu kuivunja: usichote maji kwenye shimo la wazungu. Tulidhani anaogopa tutazama. Baadaye nilipoanza kusoma ndio nikaelewa shimo lile lina hadithi ndefu.

3/ Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya ardhi za Waafrika, ikaahidi ni zao milele. Mwaka 1931 dhahabu ikapatikana Kakamega. Mwisho wa 1932 sheria ikabadilishwa: ardhi ya migodi ingechukuliwa bila kushauriana na baraza la wenyeji, na badala ya kupewa shamba lingine, mwenyewe alipwe pesa. Hiyo "milele" ilidumu miaka miwili tu.

4/ Mgodi wa Rosterman, mkubwa kuliko yote Kakamega, ulifungwa 1952. Kule Migori, Macalder ulitoa shaba na dhahabu hadi 1966. Wenye migodi wakaenda zao. Mashimo na marundo ya mawe yaliyosagwa yakabaki.

5/ Sasa, ubaya wa hayo marundo ni nini? Mawe yenye dhahabu mara nyingi huwa na salfa ndani. Yakiwa chini ya ardhi yametulia. Ukiyasaga na kuyaacha nje, yanakutana na hewa na mvua, yanatoa asidi. Asidi hiyo huyeyusha madini kama aseniki, risasi na shaba, na kuyapeleka visimani na mitoni. Hali hii inaweza kuendelea miongo mingi baada ya mgodi kufungwa.

6/ Halafu kuna zebaki, ambayo wachimbaji wadogo hutumia kukamata dhahabu. Ikifika kwenye tope la mto, vijidudu huigeuza kuwa sumu kali zaidi, nayo huingia kwa samaki. Mto Migori unaungana na Kuja, na Kuja unamwaga Ziwa Victoria. Kwa hivyo hata kama hujawahi kuona mgodi, sahani yako inakuhusu.

7/ Madhara? Risasi huharibu ubongo wa mtoto. Aseniki ikinywewa kwa miaka huleta vidonda na madoa ya ngozi, pia saratani. Zebaki hushambulia neva na figo, na humfikia mtoto akiwa bado tumboni. Na jameni, kuchemsha hakusaidii! Moto huua vijidudu, hauondoi madini. Maji yakipungua kwa mvuke, sumu ndio inazidi kukolea.

8/ Hapa ndipo mjadala huharibika. Ukiuliza haya unaambiwa ati unapinga kazi za vijana. Hapana. Mchimbaji mdogo ndiye wa kwanza kuumia, maana anashika zebaki kwa mikono mitupu. Kumtetea ni kutetea mapafu na figo zake pia.

9/ Tuna sheria? Tunazo. Sheria ya Madini ya 2016 iliondoa ile ya 1940. Inagawa mrabaha: asilimia 70 serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii. Inamtaka mwenye leseni aweke dhamana ya kulinda mazingira. Katiba, kifungu cha 43, inakupa haki ya maji safi na salama. Kifungu cha 70 kinakuruhusu kwenda kortini bila kuthibitisha kwamba kuna mtu ameshaumia.

10/ Lakini dhamana ni ya mwenye leseni wa leo. Aliyeondoka 1952 hakuacha hata senti. Kwa hivyo akija mgombea kwenu, wa rangi yoyote ile, muulize matatu: Visima karibu na migodi ya zamani vimepimwa madini, au vijidudu tu? Matokeo yako wapi? Na ile asilimia 10 ya jamii, imefika kwa nani?

11/ Kukhu hakujua neno aseniki. Alijua tu kwamba aliyechimba shimo lile hakunywa maji yake.