Kenya: Wasomaji wa mtandaoni waliojenga Ushahidi

Neno "ushahidi" limefika katika nchi nyingi ambazo raia wake hawajui Kiswahili. Ni jina la programu ya kompyuta iliyozaliwa Kenya mwezi Januari 2008, na kisa cha kuzaliwa kwake chaonyesha kwamba kuwa na wafuasi mtandaoni ni jambo moja, na kuwa na watu wa kukusaidia ni jambo jingine.

Desemba 30, 2007, wakati matokeo ya uchaguzi wa rais yalipotangazwa, serikali ya Kenya ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni. Ghasia zilikuwa zimekwisha kuanza. Hatimaye watu zaidi ya 1,100 waliuawa. Mwanasheria Ory Okolloh, aliyekuwa na blogu iitwayo Kenyan Pundit, aliwaomba wasomaji wake wamweleze yale waliyoyaona. Habari zikamiminika hata mtu mmoja asiweze kuzichambua. Januari 3 aliuliza kama yupo fundi awezaye kutengeneza ramani ya kuonyesha mahali ghasia zilipotokea.

Walioitikia hawakuwa wageni katika ulimwengu huo wa blogu za Kiafrika: Erik Hersman na Juliana Rotich, waandishi wa blogu, pamoja na David Kobia, mtaalamu wa programu aliyekuwa akiishi Marekani. Baada ya siku chache tu tovuti ilikuwa tayari.

Wepesi huo haukutokana na wingi wa wafuasi. Okolloh hakujitokeza siku ya shida. Kwa miaka kadhaa alikuwa akiandika juu ya siasa za nchi yake, na pamoja na Conrad Akunga alikuwa ameanzisha Mzalendo, tovuti ya kufuatilia kazi za wabunge. Alipoomba msaada, wasomaji walikuwa na kazi ya kumpimia.

Kisa cha Kobia kinafundisha zaidi. Yeye alikuwa mwenye Mashada, jukwaa la mazungumzo lililojaa Wakenya wa ndani na wa ughaibuni. Mwezi huohuo wa Januari matusi ya kikabila yalizidi mno pale, hata akaamua kulifunga. Mahali pake akafungua ukurasa mwingine, ambao jina lake kwa Kiswahili lingekuwa "Sina Kabila". Mtu mmoja, mwezi mmoja, na mikusanyiko miwili yenye tabia mbalimbali! Kwa maoni yangu, tofauti ilikuwa katika kazi waliyopewa watu. Mashada palikuwa mahali pa kubishana. Ushahidi uliuliza tu umeona nini, wapi na lini.

Tetemeko la ardhi lilipoikumba Haiti Januari 2010, programu hiyo ilitumiwa kukusanya maombi ya msaada. Ujumbe wa simu ulikuwa ukija kwa Kikrioli, lugha ambayo waokoaji wengi wa kigeni hawakuijua, na Wahaiti walioko ng'ambo wakajitolea kuutafsiri usiku na mchana. Sisi tunaoishi kwa kutafsiri habari hatuwezi kuipita sehemu hiyo bila kutua kidogo.

Mwenendo huohuo ulionekana tena Kenya mwezi Juni 2024, vijana walipopinga Mswada wa Fedha kupitia X na TikTok. Kelele zilikuwa nyingi, lakini kazi pia iligawanywa: wengine walifafanua vifungu vya mswada kwa lugha za nyumbani, mawakili waliwatetea waliokamatwa, na wengine walichanga fedha za kuwatibu majeruhi. Juni 25 waandamanaji waliingia bungeni, na baadhi yao wakauawa kwa risasi. Siku iliyofuata Rais William Ruto alitangaza kwamba hatautia saini mswada huo, na Julai 5 aliingia mwenyewe katika mjadala wa sauti kwenye X, akahojiwa moja kwa moja na vijana.