Nyumba ya Baba na Baridi ya Mbulu

Nilipokuwa mtoto niliwahi kuchapwa kwa kosa la kukimbia juu ya paa la jirani. Sikuwa nimepanda popote. Nilikuwa nikiteremka mlimani nikimfukuza ndama aliyetoroka, na ghafla nikasikia chini ya miguu yangu sauti ya mama mmoja akikemea, maana udongo ulikuwa ukimwagikia chungu chake cha uji. Wageni wakisikia kisa hiki hudhani natania. Lakini kwetu, katika vilima vya Mbulu, nyumba chache za kale zilikuwa bado zimebaki miaka ile, nazo zilichimbwa ndani ya mteremko, hivi kwamba ukuta wa nyuma ulikuwa ardhi yenyewe, na paa la udongo lilikuwa sawa na ardhi ya upande wa juu. Ukitokea juu huoni nyumba. Unaona moshi tu.

Sababu ya kujenga hivyo inajulikana. Katika karne ya 19 Wairaqw waliishi wamebanana katika eneo dogo la milima liitwalo Irqwa Da'aw, ambalo wengi hulijua kwa jina la Kainam, na Wamasai walikuwa wakija kuteka ng'ombe. Nyumba iliyozikwa nusu haionekani kwa mbali, mlango wake ni mfupi, na mifugo hulala ndani pamoja na wenyewe. Henry Fosbrooke, aliyekuwa afisa wa serikali ya kikoloni, aliandika habari za nyumba hizi katika jarida la Tanganyika Notes and Records miaka ya 1950, akizitazama hasa kama njia ya kujihami. Hakukosea. Hofu ya vita ilipopungua, watu walienea katika nyanda za jirani hadi Hanang, wakawa majirani wa Wabarabaig, na nyumba nazo zikaanza kutoka ardhini. Wengine walijenga tembe juu ya ardhi, wengine msonge wa nyasi.

Lakini baba yangu hakuwahi kushambuliwa na mtu yeyote maishani mwake, na bado alikataa kutoka katika nyumba aliyoichimba babu. Nilipomwuliza kwa nini, alinijibu kwa neno moja: "Baridi."

Asiyewahi kulala Mbulu mwezi wa Juni au Julai hawezi kulielewa jibu hilo. Nchi yetu iko juu sana, na upepo wa majira yale hutujia kutoka mashariki na kusini-mashariki, aghalabu ukiwa na ukungu. Ndani ya nyumba ya baba palikuwa na joto tulivu, lisilopanda wala kushuka sana. Ng'ombe wanne walilala upande mmoja, sisi upande wa pili juu ya kichanja, na moto wa jioni uliachwa ukawa makaa. Asubuhi ukitoka nje pumzi yako ilionekana kama moshi, ndani haikuonekana.

Ndipo zikaja zama zetu sisi vijana. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa limetufundisha kuitazama nchi yetu upya. Mwaka 1973 redio ilitangaza kampeni ya Mtu ni Afya, na Novemba mwaka huo Mwalimu Nyerere alitamka kwamba ifikapo mwisho wa 1976 watu wote wa mashambani wawe wanaishi katika vijiji. Kwetu, kama kwingineko nchini, watu walihama na wengine walihamishwa. Pamoja na kijiji kipya ilikuja habari ya nyumba bora, yaani kuta zilizonyooka, madirisha na paa la bati. Tembe likawa jina la aibu. Mimi nilikuwa mwalimu mpya wa shule ya msingi, nami nilisimama mikutanoni nikawaambia wazee wenye umri wa babu yangu kwamba jongoo hutupwa na mti wake. Jongoo alikuwa moshi, giza na viroboto. Mti wake ulikuwa nyumba yenyewe. Watu walicheka, na baadhi yao walikwenda kubomoa.

Mwaka 1981 nilimjengea baba nyumba bora. Bati zilikuwa adimu siku zile, mtu huzipata kwa kibali, nami nilijinyima karibu miaka miwili. Kuta zilikuwa za matofali ya kuchoma, nyembamba ili matofali yatoshe. Madirisha yalikuwa mawili. Bati zilipigiliwa juu ya kenchi bila dari, kwa sababu fedha za dari hazikuwapo. Ng'ombe walijengewa zizi nje. Nyumba ya babu tuliibomoa, na nguzo zake tukazifanya kuni. Siku ya kuhamia tulichinja mbuzi, na baba alinishukuru mbele ya watu wote.

Juni iliyofuata nilikwenda kumsalimu, nikamkuta amehamishia kitanda jikoni, katika kibanda kidogo cha udongo nyuma ya nyumba. Aliona nimefadhaika. "Mwanangu," akasema, "nyumba yako ni nzuri ya kupokelea wageni."

Hakunilaumu zaidi ya hapo. Lakini kila msimu wa baridi, mpaka alipofariki mwaka 1988, alilala kando ya mafiga, katika moshi uleule niliodai nimeufukuza, akikohoa. Sisemi kwamba bati zilimwua; alikuwa mzee. Nasema tu kwamba mtu aliyelala katika joto maisha yake yote alifukuzwa na nyumba niliyomjengea kwa mapenzi.

Ilinichukua miaka mingi kuelewa nilichokibomoa. Udongo mnene hupokea joto polepole na kulirudisha polepole, hivyo jua la mchana hufika upande wa ndani usiku, wakati linapohitajika. Na ukichimba chini zaidi ya mita moja, ardhi haijui mchana wala usiku; hukaa karibu na wastani wa joto la mwaka mzima. Ukuta uliozikwa haupigwi na upepo wa Julai. Bati ni kinyume chake. Mchana hugeuka kikaango. Usiku, mbingu zikiwa wazi, hutupa joto lake angani hata kuwa baridi kuliko hewa yenyewe, na pumzi za waliolala chini yake hugeuka matone yanayowadondokea alfajiri. Na wale ng'ombe je? Mtu aliyetulia hutoa joto la wati kama 80 hadi 100, na ng'ombe hutoa mara kadhaa zaidi ya hapo. Babu alipasha nyumba yake kwa ng'ombe wanne aliowalipa majani, na asubuhi samadi yao ilikwenda shambani.

Baadaye nilisoma habari za Wolfgang Feist wa Ujerumani na Bo Adamson wa Sweden, ambao mwaka 1988, mwaka uleule tuliomzika baba, walianza kupanga nyumba ambayo karibu haihitaji moto. Nyumba ya kwanza ya namna hiyo ilijengwa Darmstadt, na watu wakahamia humo mwaka 1991. Kanuni yao ni kwamba joto la kuongezea lisizidi kilowati-saa 15 kwa kila mita ya mraba kwa mwaka. Kuta hufunikwa kwa unene mkubwa wa vitu vinavyozuia joto kupita, madirisha yana vioo vya tabaka tatu, nyufa zote huzibwa, na mashine huingiza hewa safi baada ya kuipasha kwa joto la hewa chafu inayotoka. Joto la nyumba hutokana zaidi na jua, na miili ya watu, na vyombo vyao vya kila siku. Nilipofika hapo niliweka kitabu chini. Miili ya wenye nyumba! Sikudhani kwamba babu alikuwa mhandisi, wala kwamba Wajerumani walijifunza Kainam. Niliona tu kwamba swali lilikuwa moja: joto ambalo tayari umelipata, utalizuiaje lisitoroke?

Hata hivyo sitaki msomaji adhani naililia nyumba ya kale yote. Moshi ulimsumbua mama macho tangu ujana wake hadi kaburini. Papasi walijificha katika nyufa za udongo na kutuletea homa. Mtoto hakuweza kusoma mle ndani hata saa sita mchana. Paa zito la udongo lilidai nguzo na boriti nyingi, na msitu ulilipa gharama hiyo. Mvua za masika zikizidi, paa lilivuja tope. Wajerumani wale walijua kwamba nyumba ikizibwa lazima ipewe njia ya kupumua. Nyumba ya babu haikuwa nayo ila mlango. Yaani jongoo alikuwapo kweli. Kosa langu lilikuwa kutotazama mti kabla ya kuutupa.

Nilipostaafu mwaka 2014 nilijenga upande wa Hanang, si mbali na Katesh, na safari hii kupanga kulichukua muda mrefu kuliko kujenga. Kwanza nililitazama jua mwaka mzima. Sisi tuko kusini ya Ikweta kidogo, kwa hiyo Juni na Julai jua la mchana hupita upande wa kaskazini. Madirisha makubwa nikayaweka huko. Mashariki na kusini-mashariki, unakotoka upepo, niliweka stoo na ukuta usio na dirisha. Kuta zote ni za matofali ya udongo yasiyochomwa, nene kama urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, juu ya msingi wa mawe, na zimepigwa lipu ndani ili papasi wasipate ufa. Bati nilizitumia, kwa sababu hakuna kinachokinga maji safi ya mvua kama bati. Lakini chini yake kuna nafasi ya hewa, kisha tabaka la udongo uliochanganywa na majani makavu, kisha dari ya mbao juu ya boriti imara. Jiko lina bomba la moshi.

Fundi alipoona unene wa kuta alitikisa kichwa. "Mwalimu, unarudi kwenye tembe?"

"Nusu ya njia, fundi," nikamwambia.

Jambo moja sikuliiga kabisa. Sikuchimba mlimani. Yeye alijua maji ya kila korongo la Kainam yalikopita. Mimi nilikuwa mgeni chini ya mlima mwingine. Nilitafuta mwinuko, nikachimba mtaro kuzunguka msingi. Tarehe 3 Desemba 2023 mvua kubwa iliporomosha matope, mawe na miti kutoka Mlima Hanang hadi Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Nyumba yetu haikuguswa. Sijisifu kwa hilo, maana walikufa watu waliojenga kwa uangalifu kama mimi. Lakini tangu siku ile, kijana akiniuliza habari za kujenga nyumba yenye joto, humwuliza kwanza maji yatapita wapi.

Nyumba hii si kamilifu. Asubuhi za Julai bado navaa koti. Lakini usiku silali jikoni, wala hakuna tone linalonidondokea.

Shimo la nyumba ya babu bado lipo Mbulu, limeota maboga. Mafundi vijana wanaponitembelea huwapeleka kuliona. Huwaambia waingie, wachuchumae pembeni mwa ule ukuta wa ardhi, wakae kimya kidogo, kisha watoke wasimame penye upepo. Baada ya hapo sihitaji kusema mengi.