KIDANI CHA BIBI AISHA NA KITO CHA BIBI FATIMA: MKE WA KIONGOZI AULIZWE NINI?



Ndugu zangu, wiki hii simu yangu imeletewa video moja mara saba, na watu saba tofauti. Inamhusu mke wa kiongozi. Simtaji, na ukimtaja kwenye maoni nitafuta. Nusu ya kwanza inazungumzia mikoba yake na safari zake. Nusu ya pili inazungumzia nani alionekana naye, wapi, saa ngapi. Baada ya darsa ya Isha kijana mmoja akanifuata: "Sheikh, si haki yetu kujua? Si kodi zetu hizi?"

Nikamwambia, mwanangu, umeleta maswali mawili umeyafunga kwenye kanga moja. Kaa tuifungue.

Tuanze na swali la heshima yake, kwa sababu hilo lilishafika Madina kabla halijafika kwenye simu yako.

Ilikuwa mwaka wa 5 au wa 6 Hijria, wanavyuoni wamehitilafiana. Mtume (s.a.w.) alikuwa anarudi kutoka vita vya Banu Mustaliq, na kura ya safari ile ilikuwa imemwangukia Bibi Aisha (r.a.). Karibu na Madina jeshi likapumzika usiku. Akatoka kwenda haja, na aliporudi akajishika shingoni, kidani chake cha shanga za Yemen hakipo. Akarudi kukitafuta. Huku nyuma wanaume wakainua hawdaji, kile kibanda kinachofungwa juu ya ngamia, wakakifunga wakidhani yumo ndani. Alikuwa binti mdogo, mwepesi, hawakuhisi tofauti. Msafara ukaondoka.

Alipokuta pametupu akakaa palepale, akijua watamkosa na watarudi. Usingizi ukamchukua. Safwan bin Muattal alikuwa nyuma ya jeshi, akamwona, akamtambua kwa kuwa aliwahi kumwona kabla ya amri ya hijabu. Akampigisha ngamia magoti, akapanda, yeye akamwongoza kwa miguu. Wakalikuta jeshi mchana wa jua kali, mbele ya macho ya watu wote.

Jambo lenyewe ndilo hilo, halina kingine ndani yake. Lakini Abdullah bin Ubayy, kinara wa wanafiki, hakuhitaji kingine. Alikuwa na ugomvi wa kisiasa na Mtume (s.a.w.), maana kabla ya Hijra watu wake walikuwa karibu kumfanya mfalme wa mji. Mume hakumpatia tundu, basi akapitia kwa mke. Shikeni hapo, ndugu zangu. Mara ngapi mke wa kiongozi anasemwa na anayelengwa si yeye?

Na mkiniuliza kilichoniuma zaidi katika kisa hiki, si Ibn Ubayy. Mnafiki kafanya kazi ya mnafiki. Ni kwamba maneno yale yalibebwa na waumini. Mistah bin Uthatha, mtu aliyepigana Badr. Hassan bin Thabit, mshairi aliyemtetea Mtume kwa ulimi wake. Hamna bint Jahsh, shemeji wa Mtume mwenyewe, dada wa Bibi Zaynab. Hawakuzua wao. Walipokea, wakapeleka mbele. Kwa lugha ya leo, walifowadi.

Bibi Aisha mwenyewe alikuwa mgonjwa nyumbani, hajui lolote. Mji mzima unajua, yeye hajui. Aliona tu kwamba mume wake haonyeshi ule upole aliouzoea anapoumwa. Akiingia anauliza hali ya mgonjwa, kisha anatoka. Habari alikuja kuipata njiani usiku, akiwa na mama yake Mistah, mama wa watu akajikwaa kwenye vazi lake na akamlaani mwanawe. Bibi Aisha akamkemea: unamtukana mtu aliyepigana Badr? Ndipo akaambiwa. Akaomba ruhusa akaenda kwa wazazi wake, akalia usiku na mchana hadi akadhani ini lake litapasuka.

Sasa tumtazame kiongozi. Huyu ndiye mkuu wa Madina, ana askari, ana watu wanaosubiri ishara tu. Hakumkamata mtu kwa kunong'ona. Hakutangaza kwamba nyumba yake haiulizwi. Vilevile hakumtoa mke wake kafara ili mji utulie. Wahyi haukuja kwa muda wa mwezi mzima, na katika mwezi huo alifanya kile anachoweza kufanya mwanadamu: aliuliza wanaojua. Alimuuliza Usama, akasema hajui ila kheri. Alimuuliza Ali (r.a.), naye akamwambia wanawake wengine wapo, lakini muulize mtumishi wa nyumbani atakwambia kweli. (Wanavyuoni wanasema Ali alitaka kumpunguzia Mtume dhiki, basi tusimbebeshe zaidi ya hapo.) Akaitwa Barira, mtumishi. Aibu kubwa aliyoikumbuka ni kwamba Aisha ni binti mdogo, hupitiwa na usingizi kwenye unga aliokanda, mbuzi wa nyumbani akaja akaula!

Kisha akamuuliza Bibi Zaynab bint Jahsh, mke mwenza. Wanawake mnaonisoma mnaelewa uzito wake. Zaynab ndiye aliyekuwa akishindana na Aisha kwa daraja mbele ya Mtume, na dada yake alikuwa mtaani anampigania kwa kumchafua Aisha. Neno moja tu lingetosha, hata kukaa kimya kwa namna fulani kungetosha. Akasema analilinda sikio lake na jicho lake, na hamjui Aisha ila kwa kheri. Bibi Aisha ndiye aliyeisimulia habari hii baadaye, akasema Allah alimkinga Zaynab kwa ucha Mungu wake.

Mtume (s.a.w.) alipopanda mimbari kulalamika juu ya mtu aliyeiudhi nyumba yake, Aws na Khazraj nusura washikane mbele yake msikitini. Umbea wa kitanda ulikaribia kuvunja dola. Ndipo ziliposhuka aya za Suratun-Nur, kuanzia aya ya 11, zikamtakasa, na zikawalaumu waumini kwa nini waliposikia hawakudhaniana wema wao kwa wao. Sheria ikasimama: anayemtuhumu mwanamke mwenye heshima alete mashahidi 4, akishindwa ni mijeledi 80 na ushahidi wake haupokelewi tena, isipokuwa akitubu. Imepokewa kwamba Hassan, Mistah na Hamna waliadhibiwa.

Hata hivyo miaka mingi baadaye, Urwa, mpwa wake, alipomtukana Hassan mbele yake, Bibi Aisha alimkataza, akikumbuka alivyokuwa akimtetea Mtume. Moyo gani huu, subhanallah.

Kwa hiyo nusu ya pili ya ile video, kijana wangu, ifute. Huna mashahidi 4, huna hata mmoja. Una mtu aliyemsikia mtu.

Nusu ya kwanza ni habari nyingine. Mikoba, magari, safari: hapo swali lako la kodi lina miguu. Mali ya umma haina sitara ya chumbani. Na waliotutangulia hawakungoja raia waulize, walianza kuulizana wenyewe kwa wenyewe.

Sayyidna Umar (r.a.) aligawa shuka za sufu kwa wanawake wa Madina, ikabaki moja nzuri. Waliokuwa karibu naye wakamwambia ampe mjukuu wa Mtume aliye nyumbani kwake, wakimkusudia mkewe Ummu Kulthum bint Ali. Mnaona ujanja wa watu wa karibu na wakubwa? Hawakusema "mpe mkeo". Walimfungia kwenye jina la Mtume. Umar akasema Ummu Salit ana haki zaidi, mwanamke wa Kiansari aliyekuwa akiwabebea viriba vya maji siku ya Uhud. Shuka ikaenda kwa Ummu Salit. Habari hii imo katika Sahihi ya Bukhari. Na imepokewa kwamba Umar alipowakataza watu jambo aliwakusanya watu wa nyumba yake, akawaonya kuwa macho ya watu yako kwao kama macho ya ndege kwenye nyama, na atakayekosea katika wao adhabu yake ni maradufu.

Mwaka wa 99 Hijria ukhalifa ukamfikia Umar bin Abdilaziz. Mkewe alikuwa Fatima bint Abdulmalik: binti wa khalifa, mke wa khalifa, na ndugu zake wanne, Walid, Sulayman, Yazid na Hisham, wote walitawala. Alikuwa na kito alichopewa na baba yake, inasemekana hakikuonekana mfano wake. Kilikuwa halali yake? Yeye alikipokea kama zawadi ya baba. Lakini Umar aliuliza baba alikipata wapi, na jibu lilikuwa wazi: mali ya Waislamu. Akamhiyarisha: kito kirudi Baitulmali, au waachane, kwa sababu hawezi kukaa nyumba moja na kito kile.

Fatima akamchagua mumewe. Kito kikaenda hazina.

Umar alifariki mwaka 101, baada ya miaka miwili na miezi kadhaa tu. Akaingia Yazid, ndugu wa Fatima, akamwambia dada yake kwamba akitaka atamrudishia kito chake. Hakuna ambaye angemlaumu, mjane ambaye mumewe hakumwachia utajiri. Akakataa. Alikitoa kwa ridhaa Umar akiwa hai, hawezi kukirudia Umar akiwa kaburini.

Wanahistoria wanasimulia kwamba Yazid alipoona hivyo, akakigawa kwa watu wa nyumba yake mwenyewe.

Wallahu a'lam.