Jasho na Karatasi (Sehemu ya Pili)

ILIPOISHIA

Kenya imeshatolewa. Marekani wametulaza 68-14, Ureno wakatushindilia 85-0, hata pointi ya kufutia machozi hatukupata. Nimemwambia mjomba kwamba mimi na raga basi, narudi kambini nilale kabla ya zamu. Mjomba amenishika mkono langoni mwa uwanja wa The Sevens, hapa Dubai, akaniambia: "Mpwa wangu, usiondoke. Hii mechi ya Ureno na Marekani haikuanza leo. Ilianza Brussels, siku wanaume wazima walipomkimbiza refa."

SASA ENDELEA...

Ilikuwa Ijumaa, tarehe 18 Novemba 2022. Mji mzima ulikuwa na habari moja tu, mpira wa miguu, kwa sababu Kombe la Dunia la Qatar lilikuwa limebakiza siku mbili. Raga ilikuwa ya wachache, na sisi tulikuwa miongoni mwa hao wachache: mjomba na chupa yake ya chai ya tangawizi, mimi na sare yangu ya ulinzi ndani ya begi.

Simu niliiweka juu ya goti. Nilikuwa nasubiri msimamizi wangu anipigie. Mama alikuwa amelazwa Mombasa tangu Jumatatu, na pasipoti yangu ilikuwa kwenye droo ya mwajiri tangu siku niliyotua. Nilikuwa nimeiomba mara tatu. Mara zote tatu jibu lilikuwa lile lile: "Subiri, tutakupigia."

Mjomba alimimina chai kwenye kifuniko, akanipa mimi kwanza.

"Huko Ulaya," alianza, "raga ina mlango wa mbele na mlango wa uani. Uingereza, Ufaransa, Ireland, Scotland, Wales na Italia wana mashindano yao ya Mataifa Sita. Hapandi mtu, hashuki mtu. Na Kombe la Dunia la mwakani, wote sita wameingia bila mchujo, kwa sababu 2019 kila mmoja alimaliza katika tatu bora za kundi lake. Georgia, Romania, Hispania, Ureno na wenzao wanapita uani. Uani kuna foleni, na nafasi zenyewe ni za kuhesabu kwa vidole."

"Na Brussels?"

"Brussels ni tarehe 18 Machi 2018. Hispania wanatakiwa jambo moja tu: wawafunge Ubelgiji, waende Japani. Wakishindwa, nafasi inakwenda Romania. Sasa niulize refa alitoka wapi."

"Alitoka wapi, mjomba?"

"Romania. Na wasaidizi wake wote wawili, Romania."

Nilitua kifuniko cha chai.

"Hispania walilalamika mapema, kabla mechi haijachezwa," aliendelea. "Hawakusikilizwa. Mimi sisemi refa yule alinunuliwa. Hakuna aliyethibitisha hilo, na sitamsingizia mtoto wa mwenzangu. Ninachosema ni kwamba hata angekuwa malaika, mechi ile haikuwa yake. Kesi ya ngedere hapelekewi nyani. Mtu akishindwa kwa haki, lazima aione haki hiyo kwa macho yake, ndipo aende nyumbani akalale."

Ubelgiji walishinda 18-10. Filimbi ya mwisho ilipolia, wachezaji wa Hispania walimwendea refa mbio, wakamzingira wakimfokea, ikabidi asindikizwe kutoka uwanjani. Baadhi yao walifungiwa baadaye. Ndoto ya Japani ilifia pale kwenye majani, na mjini Bucharest watu wakaanza kushangilia.

"Kwa hiyo Romania wakaenda Japani," nikasema.

Mjomba alitikisa kichwa polepole. "Walishangilia miezi miwili kasoro siku chache. Kisha mtu akafungua mafaili."

*

Chini yetu skramu ilikuwa inajipanga. Wanaume 16 waliinama, vichwa vikaingia kati ya mabega, na tulipokuwa tumekaa tukasikia mgongano wao, kishindo kizito kama gunia la mchele linaloangushwa kutoka kwenye lori. Mvuke ulipanda kutoka migongoni mwao chini ya taa. Mjomba, aliyecheza raga alipokuwa shule Nairobi, alifumba macho kidogo kila mara kishindo kile kiliporudi. Nadhani shingo yake ilikuwa bado inakumbuka.

"Mafaili yalisema nini?" nikamuuliza.

"Raga ina sheria ya nani anaruhusiwa kuvaa jezi ya nchi. Umezaliwa pale, au mzazi wako, au babu au bibi yako kazaliwa pale. Kama huna hata kimoja, basi uwe umeishi pale miaka inayotakiwa. Na wakati ule, ukishaichezea nchi moja kwenye timu inayohesabiwa, ulikuwa umefungwa nayo. Romania walikuwa na mchezaji kutoka Tonga. Kumbe aliwahi kuichezea Tonga raga ya wachezaji saba. Wamemchezesha mechi sita."

"Na adhabu?"

"Pointi tano kwa kila mechi. 30 zikaondoka."

Nilitaka kusema kwamba basi Hispania walipata haki yao, lakini mjomba aliinua kidole.

"Ngoja. Hispania nao walikutwa na wachezaji wawili waliowahi kuichezea timu ya vijana ya Ufaransa ya chini ya miaka 20, ambayo wakati ule Ufaransa waliihesabu kama timu yao ya pili ya taifa. Hao wamecheza mechi nane. Pointi 40. Ubelgiji nao wakakutwa na kasoro ya namna hiyo hiyo, pointi 30. Tarehe 15 Mei 2018 uamuzi ukasomwa, na kalamu moja ikazifuta nchi tatu."

"Sasa akaenda nani?"

"Urusi. Ndio waliofungua Kombe la Dunia la 2019 na Japani kule Tokyo. Ujerumani, ambao msimu ule walikuwa wanafungwa kila wiki, wakasukumwa mbele kwenye foleni mpaka kwenye mashindano ya nafasi ya mwisho, Marseille, Novemba ile ile. Na unajua Marseille walimkuta nani?"

Nilijua. Nilikuwa shule wakati huo. Nilikumbuka redio ya jirani.

"Walitukuta sisi," nikasema. "Wakatufunga 43-6."

"Ndiyo. Karatasi iliyosainiwa Ulaya mwezi Mei ilitua kifuani mwa kijana wa Nairobi mwezi Novemba. Usidhani mambo haya ni ya Wazungu peke yao. Wote waliofungiwa mlango wa mbele wako foleni moja, na karatasi ya mmoja humfikia mwenzake."

Simu ikatetemeka juu ya goti. Niliishika kwa mikono miwili. Ulikuwa ujumbe wa dada kutoka Mombasa: *Mama kaamka. Anauliza unakuja lini.*

Sikujua nimjibu nini.

*

Mjomba aliuona uso wangu, hakuuliza. Alisubiri kidogo, kisha akaendelea kwa sauti ya chini.

"Ungedhani Hispania wangejifunza. Walianza upya, wakajenga timu, wakacheza mchujo wa miaka miwili, 2021 na 2022. Tarehe 13 Machi mwaka huu, pale Madrid, wakawafunga hawa hawa Ureno 33-28. Hispania wameenda Kombe la Dunia la raga mara moja tu katika historia yao, mwaka 1999. Siku ile Madrid watu walilia uwanjani. Tiketi ya Ufaransa 2023 ilikuwa mkononi."

"Lakini leo walioko uwanjani ni Ureno."

"Ndiyo maana nimekuzuia usiondoke."

Akaniambia habari ya mchezaji mmoja, mzaliwa wa Afrika Kusini, aliyeichezea Hispania kwa kigezo cha ukaazi. Alicheza mechi mbili tu za mchujo, zote dhidi ya Uholanzi. Kwa kanuni iliyomhusu alitakiwa awe ameishi Hispania miezi 36 mfululizo. Romania wakalalamika kwamba hesabu haitimii, uchunguzi ukafanyika, na ikaonekana kwamba nakala ya pasipoti yake iliyowasilishwa ilikuwa imechezewa ili kuficha muda aliokuwa nje ya nchi.

"Nakala?" nikauliza. "Si pasipoti yenyewe?"

"Nakala."

Niliingiza mkono kwenye pochi. Nikatoa fotokopi ya pasipoti yangu, ambayo natembea nayo kwa sababu yenyewe sinayo. Imekunjwa mara nne. Mkunjo mmoja umepita katikati ya paji la uso wangu, na wino wa namba mbili za mwisho umefutika kwa jasho. Mjomba aliitazama muda mrefu.

"Tarehe 28 Aprili," alisema bila kuondoa macho kwenye karatasi ile, "Hispania wakanyang'anywa pointi 10. Romania wakapanda, wakachukua tiketi ya Ufaransa. Ureno wakawa wa tatu, wakaletwa hapa Dubai kugombea nafasi moja ya mwisho duniani na Marekani, Hong Kong na sisi. Fikiria kijana wa Hispania aliyevunjika kidole, akaacha kazi, akakimbia kwenye baridi miaka miwili. Hakughushi chochote. Pengine hakuwahi kuiona hiyo nakala. Kaambiwa tu siku moja asubuhi kwamba haendi."

Alinirudishia karatasi yangu, ameikunja vizuri kuliko nilivyoikunja mimi.

"Mwenye jasho na mwenye karatasi wakigombana, anayeshinda ni mwenye karatasi. Ndiyo maana viongozi wanaoshika karatasi za watu wanatakiwa wawe waaminifu kuliko wachezaji. Mchezaji akikosea anapoteza mpira. Mwenye faili akikosea anapoteza miaka ya watu. Na huyo mwajiri wako, mwanangu, sheria ya nchi hii haimruhusu kushika pasipoti yako. Kesho asubuhi nitakwenda nawe mwenyewe."

Kesho asubuhi. Nilitazama tena ujumbe wa dada.

*

Dakika zilikuwa zimeyoyoma bila sisi kujua. Ubao ulisomeka Marekani 16, Ureno 13.

Watu wote jukwaani walikuwa wamesimama. Siku hiyo hiyo vijana wetu wa Simba walikuwa wamepigana kiume na Hong Kong, wakalala 22-18, na sasa macho yote yalikuwa kwenye nafasi ile moja iliyobaki.

"Mjomba, Ureno wamekwisha," nikasema.

"Hawajakwisha. Piga hesabu. Kila mmoja kashinda mechi zake mbili. Wakitoka sare leo, itaangaliwa tofauti ya pointi. Marekani waliwafunga Hong Kong 49-7, na sisi 68-14. Hiyo ni 42 na 54, jumla 96. Ureno waliwafunga Hong Kong 42-14, hiyo ni 28. Ongeza..."

Alinyamaza, akaniachia nimalizie.

"Ongeza 85," nikasema. "Zetu. 113."

Hapo ndipo nilipoelewa. Jumamosi iliyopita nilifunika uso kwa mikono Ureno walipokuwa wanatuingizia trai juu ya trai. Nilidhani zile za mwisho zilikuwa za kutudhalilisha tu. Kumbe kila moja ilikuwa akiba, na leo walikuwa wanaitoa benki. Sare moja tu, na Ureno wanakwenda Ufaransa, mara yao ya kwanza tangu 2007.

Kisha filimbi ikalia. Refa akanyoosha mkono upande wa Ureno. Penalti.

Aliyeuchukua mpira ni Samuel Marques, mzaliwa wa Ufaransa mwenye asili ya Ureno. Jezi ile aliivaa kwa haki ya damu, na karatasi zake zilikuwa safi. Alipiga goti, akausimamisha mpira juu ya kitako cha plastiki, akaugeuza kidogo, akaugeuza tena. Alirudi nyuma hatua zake. Alitazama milingoti miwili, akatazama mpira, akatazama milingoti tena. Muda wa mchezo ulikuwa umekwisha. Hapakuwa na mchezo mwingine baada ya teke lile. Pointi tatu ni sare. Nje ya milingoti ni miaka minne mingine ya kupanga foleni uani.

Uwanja ulinyamaza kiasi cha kusikia bendera zikipigwa na upepo.

Na katika kimya kile, simu yangu ikaanza kulia.

Nilitazama kioo. Haikuwa Mombasa. Lilikuwa jina la msimamizi wangu.

Mjomba alinikazia macho. "Pokea," akasema.

Niliweka simu sikioni. Kule chini, Marques akaanza kukimbia kuelekea kwenye mpira.

"Pasipoti yako," sauti ya msimamizi ilisema, na hakunisalimu, "nimeitafuta kwenye droo. Haimo."

ITAENDELEA Jumamosi ijayo.

Kwako msomaji uliye ughaibuni: pasipoti ni yako. Usimwachie mtu akushikie, hata akikuambia ni kwa usalama wako.