Ngazi za Michenzani

Bibi yangu hajashuka chini tangu Ramadhani iliyopita. Anakaa ghorofa ya nne katika moja ya majengo ya Michenzani, Unguja, na goti lake limezikataa ngazi. Lifti hakuna. Maji yakikatika, vijana wa jengo humpandishia madumu. Wanawe wamemtafutia nyumba ya chini huko Fuoni, yenye ua na mwembe. Kila wakiitaja, yeye huuliza nani anataka chai.

Safari hii nilitumwa mimi kumshawishi. Nilijiandaa kwa kusoma habari za majengo yenyewe, nikiamini nikimweleza kwamba hayakubuniwa kwa ajili ya watu kama yeye, atakubali.

Asili yake ni mbali. Mwaka 1933 wasanifu majengo wa Ulaya walisafiri kwa meli kutoka Marseille hadi Athens, wakajadili mji wa kisasa uweje. Waliugawa katika mambo manne: makazi, kazi, mapumziko na usafiri, kila jambo na mahali pake. Walikuwa na sababu. Katika miji yao ya viwanda, familia zilijazana kwenye vyumba visivyoona jua, na kifua kikuu kikiwamaliza. Dawa waliyoiona ni kujenga kwenda juu, kuacha ardhi wazi, na kuingiza mwanga na hewa katika kila chumba.

Baada ya vita, mamilioni wakiwa hawana makazi, fikra hiyo ikawa sera. Mwaka 1952 Le Corbusier alikamilisha Marseille jengo la ghorofa 18 na nyumba 337. Ndani yake aliweka mtaa wa maduka, na juu ya paa shule ya watoto wadogo na mahali pa kuota jua. Ulaya Mashariki nako, kuanzia miaka ya 1950, walitafuta unafuu: kuta zilimiminwa kiwandani zikiwa vipande vizima, winchi ikaviunganisha. Mengi ya majengo hayo yaliishia ghorofa tano ili kuepuka gharama za lifti.

Mapinduzi ya 1964 yaliifanya Ujerumani Mashariki rafiki wa Zanzibar. Wajerumani walisaidia kujenga nyumba Kikwajuni na Kilimani, na mwaka 1968 mpangaji wao, Hubert Scholz, akachora ramani mpya ya mji. Rais Karume alitaka Ng'ambo, upande wa pili wa Mji Mkongwe, walikoishi wanyonge katika nyumba za udongo, uwe na majumba yake. Barabara mbili pana zikakatana Michenzani, na kando yake yakapangwa majengo yenye urefu wa takriban mita 300. Nyumba zilizokuwapo zilivunjwa. Ya baba yake bibi ilikuwamo.

Nyumba ile bibi huieleza kwa mkono, akichora hewani. Mbele baraza, wanaume wakipiga soga na kila mpita njia akitoa salamu. Katikati ukumbi. Nyuma uani, wanawake wakipika, wakisukana, wakianika nguo bila kuonekana na mtu. Nikamwambia hapo ndipo lilipo kosa: jua na hewa walivyovitafuta wasanifu wale, uani mlikuwa navyo tayari. Mlichokosa ni bomba na choo. Mkapewa vyote pamoja, bomba likaja, baraza na uani vikaenda.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Bomba unalisema haraka," alisema. "Mimi nilikuwa nabeba maji kichwani tangu nina miaka saba. Siku ya kwanza humu nililifungua, nikalifunga, nikalifungua tena. Mama alinigombeza, naye machozi yanamtoka."

Halafu akaniomba nimshike mkono. Tukaenda taratibu mpaka mlangoni, akakaa kwenye kiti cha plastiki kinachokaa hapo nje siku zote, pale ngazi zinapokata kona. Ilikuwa baada ya alasiri. Jirani wa mkabala alitoka na ungo wa mchele, akaketi kwenye kipandio. Msichana wa ghorofa ya tano akapita na vitabu. "Shikamoo bibi." "Marahaba, mtihani vipi?" Kijana akapandisha dumu, akaliweka ndani bila kuulizwa.

Hakuna ramani iliyoichora baraza ile. Ngazi zilichorwa kwa kupita tu, na kwa zaidi ya miaka hamsini watu wamekuwa wakikaa.

"Fuoni kuna uani," bibi alisema. "Atapita nani?"

Sikuwa na jibu. Niliporudi niliwaambia wajomba tuzungumzie vyuma vya kushikia kwenye ngazi, na kama familia ya ghorofa ya kwanza ingekubali kubadilishana nyumba. Mmoja alicheka. Mwingine aliuliza zinagharimu kiasi gani.