Hashim

Hashim (bara huandikwa pia Hashimu) ni jina la kiume la asili ya Kiarabu, lenye maana ya mvunjaji. Limetokana na Hashim bin Abd Manaf wa Makka, babu yake Abdullah, baba wa Mtume Muhammad.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Amr. Inasimuliwa kwamba Makka ilipoingiwa na njaa alileta mikate kutoka Sham, akaivunjavunja ndani ya mchuzi wa nyama, akawalisha watu tharidi hadi wakashiba. Lakabu ikalimeza jina. Alifia safarini Gaza, na hadi leo mji huo huitwa Gaza ya Hashim. Wafalme wa Jordan hujinasibisha na ukoo wake, Bani Hashim, na vivyo hivyo masharifu wa Lamu, Unguja na Komoro.

Huko KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, jina hili limo miongoni mwa yale yaliyozoeleka katika familia za Waislamu wenye asili ya Gujarat, mjini Durban na miji ya jirani kama Pinetown. Maarufu wao ni Hashim Amla, mchezaji wa kriketi aliyezaliwa Durban mwaka 1983. Julai 2012, katika uwanja wa The Oval, London, alifunga mikimbio 311 bila kutolewa, akawa Mwafrika Kusini wa kwanza kuvuka 300 katika mechi ya Test. Nembo ya bia ya mdhamini wa timu hakuivaa kamwe, kwa sababu ya dini yake.

Tanzania ina wawili mashuhuri. Hashim Thabeet, mwenye urefu wa mita 2.21, alichaguliwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA mwaka 2009. Vijana humjua zaidi huyu. Mwenye uzito mkubwa zaidi katika historia, hata hivyo, ni Brigedia Jenerali Hashim Mbita (1933–2015), mwanahabari aliyegeuka mwanajeshi. Tangu 1972 hadi 1994 alikuwa Katibu Mtendaji wa Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU), Dar es Salaam, iliyopitisha silaha, fedha na mafunzo kwa FRELIMO, SWAPO, ANC na vyama vingine. Kamati ilivunjwa Afrika Kusini ilipokwisha kuwa huru.

Hashim si Hisham. Khalifa Hisham bin Abdul-Malik (724–743) alikuwa wa Bani Umayya, mahasimu wa Bani Hashim.